Motokaa Inayokataa Kuwaka Asubuhi: Pima Presha ya Petroli Kabla ya Kununua Pampu

Kule Nyandarua, upande wa Ol Kalou, yuko mkulima mmoja mwenye ng'ombe wanane wa maziwa na pikapu ndogo ya petroli. Kila alfajiri hupakia maziwa yake pamoja na ya majirani sita, akayapeleka penye mtambo wa kupozea maziwa. Mtambo huo hupokea maziwa mpaka saa mbili na nusu za asubuhi. Anayechelewa hurudi nayo nyumbani, na maziwa yaliyokwisha kaa ndani ya mitungi tangu saa kumi na moja hayana mnunuzi mwingine ila ndama na nguruwe.

Mwezi wa Juni 2023, baridi ilipokuwa kali, pikapu hiyo ilianza ukaidi. Asubuhi stata ilizunguka vizuri lakini injini haikushika. Mwenyewe alizungusha ufunguo mara tatu, mara nne, hata mara sita, ndipo injini iliposhika kwa kukohoa. Kisha ikaenda sawasawa mchana kutwa kana kwamba haina ugonjwa wowote. Baada ya wiki mbili akawa anailaza juu ya mteremko ili isukumwe. Siku mbili maziwa ya watu saba yalikataliwa. Fundi wa kwanza alisikiliza habari hizi akasema, "Mzee, hiyo ni pampu." Mkulima akauza ndama dume, akanunua pampu mpya, ikafungwa ndani ya tangi. Asubuhi iliyofuata taabu ikawa ile ile.

Pampu ya zamani haikuwa na kosa lolote. Iliondolewa kwa kubahatisha, wala hakuna mtu aliyeipima. Na presha ya petroli hupimika kwa geji, kama vile presha ya gurudumu inavyopimika. Geji hiyo ikitumiwa kwa utaratibu husema ni pampu, au ni kitu kingine, au kwamba petroli haina neno na ugonjwa uko mahali pengine kabisa. Kazi yenyewe haizidi saa moja. Ikiwa huna mkono wa ufundi, hata hivyo yafaa uifahamu, ili ujue la kumwuliza fundi wako kabla hujatoa fedha.

JINSI PETROLI INAVYOKAA TAYARI

Motokaa za zamani zilikuwa na kabureta. Pampu ndogo iliyoendeshwa na injini yenyewe ilipeleka petroli katika bakuli la kabureta kwa presha kidogo, pauni 3 mpaka 5 hivi kwa inchi ya mraba, na petroli ile ililala ndani ya bakuli ikingoja asubuhi. Motokaa za siku hizi hazina bakuli. Pampu ya umeme imo ndani ya tangi, inasukuma petroli kwa bomba refu mpaka juu ya injini, na hapo nozeli huinyunyiza kama ukungu. Ili inyunyizike vizuri, presha haina budi kuwa kubwa. Katika motokaa nyingi ni kati ya pauni 38 na 50. Katika Toyota Probox yenye injini ya 1NZ, ambayo wakulima wengi wanaijua kwa kubeba mizigo, kipimo ni pauni 44 mpaka 50. Gurudumu la gari dogo hujazwa pauni 30 au zaidi kidogo. Basi bomba la petroli limebanwa kuliko gurudumu.

Kiko kidude kinachozuia presha isipite kipimo chake. Mafundi hukiita reguleta. Katika motokaa nyingi za miaka ya 1990 na kabla ya hapo, reguleta imekaa mwishoni mwa bomba la nozeli, juu ya injini, nayo huirudisha petroli iliyozidi katika tangi kwa mpira wa pili. Katika nyingi za baadaye, Probox ikiwa mojawapo, reguleta imo ndani ya tangi pamoja na pampu, na bomba linalokuja mbele ni moja tu. Chungulia chini ya boneti ujue yako ni ya namna gani, maana kupima kunatofautiana.

Sasa lifuatalo ndilo jambo ambalo wengi hawalijui. Injini ikizimwa, presha haipaswi kuisha. Valvu ndogo ndani ya pampu huziba nyuma, reguleta huziba njia ya kurudi, na nozeli huziba mbele. Petroli hubaki imefungiwa katikati, kama maji ndani ya mpira uliokunjwa ncha zote mbili. Kwa injini ile ya 1NZ, dakika 5 baada ya kuzima, geji inapaswa kusoma pauni 21 au zaidi. Mlango mmojawapo ukivuja, petroli hurudi tangini usiku au hudondoka ndani ya injini, na asubuhi stata inalazimika kuzunguka muda mrefu mpaka bomba lijae tena. Stata na betri ndizo zinazolipa gharama.

Motokaa nyingine huamka vizuri asubuhi, lakini hukataa mchana. Umeiacha juani sokoni Nyahururu kwa nusu saa, injini ikiwa ya moto, ukirudi haiwaki. Ikikaa saa nzima ikapoa, huwaka. Ugonjwa waweza kuwa ni huo huo. Presha inayobaki ndani ya bomba ndiyo inayozuia petroli isichemke kwa moto wa injini. Presha ikitoroka, petroli huchemka, na nozeli hunyunyiza mvuke. Nasi tukaao mahali palipo juu ya mita 2,000 tunapatwa na jambo hili upesi kuliko watu wa pwani, kwa sababu huku petroli huchemka kwa joto dogo zaidi, kama vile maji ya chai yanavyochemka mapema lakini maharagwe hayaivi.

ANZA KWA MASIKIO NA PUA

Kabla ya kugusa spana, jiulize motokaa yako inakataa namna gani. Ikiwa stata yenyewe inazunguka kwa uvivu, hapo hakuna habari ya petroli. Tazama betri, vichwa vyake, na waya wa ardhi. Ikiwa injini huchelewa kushika lakini ikishashika ina nguvu mlimani, basi yaelekea presha inatoroka motokaa inapolala. Ikiwa huchelewa kushika na tena haina nguvu mlimani, presha yaweza kuwa ni ndogo wakati wote. Na ikiwa haiwaki kabisa, tazama fyuzi na relei ya pampu, kisha hakikisha kwamba plagi zinatoa moto.

Yako majaribio yasiyo na gharama hata senti moja. Asubuhi kabla ya kuzungusha stata, washa swichi tu, usikilize upande wa tangi. Katika motokaa nyingi pampu hunguruma kwa sekunde mbili, kisha hunyamaza. Zima. Washa tena. Fanya hivyo mara tatu au nne, kisha zungusha stata. Ikishika mara moja, umekwisha kujua kwamba taabu ni bomba kuwa tupu. Lakini tahadhari: katika Toyota nyingi pampu haiendi mpaka stata izunguke, basi ukimya wake si ushahidi kwamba imekufa. Kwa hizo, zungusha stata kwa sekunde mbili, acha, zungusha tena. Wala usiishikilie stata zaidi ya sekunde kumi bila kuipumzisha nusu dakika. Tumeona stata nyingi zikiunguzwa kwa ajili ya ugonjwa usio wao.

Pua nayo ina kazi. Bomba likiwa tupu kwa sababu petroli imerudi tangini, injini inayokataa haitoi harufu yoyote. Lakini nozeli ikivuja, petroli hulowesha ndani ya injini usiku. Asubuhi utanusa petroli katika bomba la moshi, plagi zitatoka zimelowa na nyeusi, na injini ikishika itatoa moshi mweusi kwa kitambo. Motokaa kama hiyo mara nyingi hushika ukikanyaga pedali ya mafuta mpaka chini huku ukizungusha stata, kwa maana katika nyingi kompyuta hupunguza petroli au huikata wakati huo. Vuta pia kijiti cha kupimia oili, ukinuse. Oili yenye harufu kali ya petroli, na iliyopanda kupita alama, isiendeshwe hata maili moja. Imekuwa nyepesi, haiwezi kulinda vyuma.

KUFUNGA GEJI

Hapa tunaomba msomaji asifanye haraka. Petroli iliyo katika presha ya pauni 45 hutoka kwa mruko, huingia machoni, na ikigusa bomba la moshi lililo moto huwaka. Fanya kazi nje ya banda, injini ikiwa baridi. Pasiwe na sigara, wala kandili, wala jiko la makaa karibu, wala mtoto wa kutazama. Weka ndoo ya mchanga mkononi, au mtungi wa kuzimia moto ikiwa unao. Maji hayazimi moto wa petroli, huusambaza tu.

Kwanza punguza presha. Chomoa fyuzi au relei ya pampu, washa injini, iache iende mpaka ijizime yenyewe kwa kukosa petroli, kisha izungushe tena sekunde chache. Injini ikiwa haiwaki, izungushe stata kwa vipindi vifupi. Zima swichi, ondoa kichwa cha hasi cha betri. Ndipo ufungue kiungo polepole, kitambaa kikiwa kimekizunguka, kwa maana petroli kidogo itatoka tu.

Motokaa nyingine zina tundu la kupimia juu ya bomba la nozeli, lenye valvu kama ya gurudumu. Geji huzungushiwa hapo. Zisizo nalo, geji hufungwa kwa kiungo cha njia tatu, kati ya kichujio cha petroli na bomba la nozeli. Mpira utakaotumia uwe ule uliotengenezwa kwa petroli ya presha, na klipu zake zikazwe. Tumewahi kuona mtu akitumia kipande cha mpira wa kunyunyizia dawa ya viazi. Mpira ule ulipasuka, na kwa bahati injini ilikuwa baridi.

Rudisha betri na fyuzi, endesha pampu, na kabla ya kusoma namba yoyote tazama kila kiungo kama kinalia machozi. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku cha plastiki chini ya boneti chenye neno DIAGNOSIS. Ndani yake mna matundu yaliyoandikwa +B na FP. Waya mfupi ukiunganisha mawili hayo, na swichi ikiwashwa, pampu huenda bila injini kuzunguka. Asiye na hakika ya kusoma maandishi hayo asijaribu, maana tundu lisilo lake laweza kuharibu kompyuta.

GEJI INASEMA NINI

Fundi wa pili aliyeitwa Ol Kalou alikuja na geji yake ndani ya soksi. Aliifunga, akawasha injini, sindano ikapanda mpaka pauni 36 na kukaa hapo bila kutetemeka. Pikapu hiyo ni ya namna ya zamani, yenye mpira wa kurudisha. Akautoa mpira mwembamba wa hewa unaotoka kwenye injini kwenda juu ya reguleta, akaunusa, akautazama ndani. Ulikuwa mkavu. Laiti ungalikuwa na petroli, kazi ingaliishia hapo, maana petroli ndani ya mpira huo ni dalili kwamba ngozi ya ndani ya reguleta imepasuka, na injini inanyweshwa petroli isiyohesabiwa.

Mpira ule ulipotolewa, sindano ilipanda mpaka 42. Vitabu vingi husema yapasa kupanda pauni 8 mpaka 10. Mkulima alipoona ni 6 tu alidhani ugonjwa umepatikana. Lakini vitabu hivyo vilihesabu hewa ya usawa wa bahari. Hewa ya Nyandarua ni nyepesi, kwa hiyo tofauti kati ya nje na ndani ya injini ni ndogo, na kupanda kwa pauni 6 kwa mahali palipo juu ya mita 2,300 ni uzima. Wako mafundi waliokwisha kuuza reguleta nzuri kwa kutojua neno hili dogo.

Basi presha ya mwendo ilikuwa njema. Fundi akazima injini, akaomba chai. Walipokuwa wakinywa, sindano ilikuwa ikishuka: baada ya dakika 5 ilisoma 15, na kabla vikombe havijaisha ilikuwa sifuri. "Mzee," fundi akasema, "sasa tutamtafuta mwizi ametoka kwa mlango gani."

Njia ya kumtafuta ni kubana mipira, mmoja baada ya mwingine. Endesha pampu mpaka presha ipande, zima, na mara hiyo hiyo bana mpira wa kuleta petroli, mahali palipo kati ya tangi na geji. Sindano ikikaa pale pale, mwizi yuko nyuma: ni valvu ya pampu, au mpira mfupi wa ndani ya tangi. Sindano ikiendelea kushuka, pandisha presha tena, zima, na sasa ubane mpira wa kurudisha. Ikikaa, mwizi ni reguleta. Na ikiwa mipira yote miwili imebanwa na sindano bado inashuka, wala huoni unyevu nje, ni nozeli moja au zaidi inayodondosha ndani ya injini. Hapo toa plagi utazame; ile iliyolowa itakuonyesha nozeli yake.

Kwa pikapu ya Ol Kalou, mpira wa kuleta ulipobanwa sindano ilishuka kama kwanza. Ulipobanwa wa kurudisha, ilisimama kwenye 40 kama imepigwa msumari. Ilikuwa reguleta. Kikalio chake kilikuwa kimechakaa, hakizibi tena injini ikizimwa, ijapokuwa wakati wa mwendo ilifanya kazi yake vizuri. Ndiyo sababu pikapu ilipanda milima bila kulalamika, na ndiyo sababu pampu mpya haikuweza kuleta tofauti yoyote.

Mambo mawili kuhusu kubana. Bana mpira laini tu, kwa koleo lisilo na meno au lililofungwa kitambaa. Bomba la plastiki gumu hukatika, na la chuma hulemaa. Mwenye motokaa ya bomba moja la plastiki, kama Probox, afunge kiungo cha njia tatu chenye koki upande wa tangi. Presha ikipanda, zima, funga koki. Ikikaa, mwizi yumo ndani ya tangi. Ikishuka, ni nozeli. Tena usiubane mpira wa kurudisha huku pampu ikienda, ila kwa nukta moja au mbili, ikiwa presha ni ndogo na unataka kuijaribu pampu. Pampu nzima itaruka upesi kupita pauni 60. Ikiruka hivyo, presha ndogo ilikuwa kosa la reguleta. Ikibaki chini, kosa ni pampu, au kichujio, au umeme.

Na hapo ndipo pampu nyingi nzuri hutupwa. Presha ikiwa ndogo wakati wote, kabla ya kuihukumu pampu badilisha kichujio, kisha pima umeme ufikao kwenye pampu yenyewe huku ikienda. Betri ikisoma volti 12 na nusu na pampu ikipata 10, pampu haina hatia. Tazama waya wa ardhi chini ya gari, mahali pa matope na maji ya zizi; kutu iliyopo pale huiba nguvu. Chini ya pampu mna kichujio kingine kama mfuko mdogo wa kitambaa. Petroli iliyomiminwa kutoka katika pipa lenye kutu, au jerikeni iliyokuwa na dawa, huuziba mfuko huo. Unaweza pia kupima wingi: petroli ielekezwe katika chupa iliyotiwa alama, pampu iende nusu dakika. Kwa magari mengi madogo, ikitoka chini ya nusu lita kuna kizuizi au uchovu. Na mwenye tabia ya kuendesha taa ya tangi ikiwaka siku zote, ajue kwamba pampu hupozwa na petroli inayoizunguka. Tangi tupu huiunguza.

Lakini tuseme geji imesoma vizuri wakati wa mwendo, na baada ya dakika ishirini presha bado ipo. Basi mwache pampu, mwache reguleta. Tafuta plagi zilizochakaa, au kipima joto cha maji ya injini, kile chenye waya mbili, ambacho kikidanganya kompyuta kwamba injini ni ya moto, petroli ya asubuhi ya baridi huwa haitoshi. Au yawezekana petroli yenyewe imechanganywa na mafuta ya taa, ambayo hayawaki upesi katika baridi. Udanganyifu huo ulienea hata mwezi wa Septemba 2018 Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili pasiwe na faida ya kuchanganya. Geji ya presha haiwezi kuona jambo hilo. Mafuta ya taa husukumwa sawa na petroli.

Wenye motokaa za dizeli wasifuate maelezo haya hata kidogo. Katika dizeli za siku hizi presha ya bomba la nozeli injini ikienda huweza kupita pauni 20,000, na mruko wake hutoboa ngozi ya mkono kama sindano ukaingiza dizeli mwilini. Aliyepatwa na hayo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha mwiba.

Turudi Ol Kalou. Reguleta ilinunuliwa mjini kwa bei iliyo chini sana ya ile ya pampu. Fundi aliupaka petroli mpira wake wa duara ili usikatike wakati wa kuingia, akaikaza, lakini hakuiondoa geji. Aliwasha injini, akaizima, akaketi tena. Mama mwenye nyumba akaleta chai ya pili bila kuombwa. Baada ya dakika ishirini sindano ilikuwa imeshuka pauni 3 tu. Ndipo alipopunguza presha, akaitoa geji, akafunga bomba kama lilivyokuwa, akaendesha pampu mara ya mwisho na kupitisha kitambaa kikavu chini ya kila kiungo ili aone kama kuna unyevu. Hapakuwa na kitu.

Kesho yake, saa kumi na mbili na robo, maziwa ya watu saba yalikuwa njiani. Pampu ya zamani ingali juu ya rafu ya ghala, imefungwa kwa gazeti. Mwenyewe anasema ataitumia siku ile mpya itakapochoka.